Kupungua Kukomee Wapi Baada ya Upasuaji?

Tumchukue mwanamke wa urefu wa sentimita 160 aliyeingia chumba cha upasuaji akiwa na kilo 115. Sehemu kubwa ya mfuko wake wa chakula imekatwa na kuondolewa, na baada ya mwaka mmoja na nusu mizani inasoma kilo 80 na nusu. Sukari imeshuka, dawa za presha zimepunguzwa, analala bila kukoroma, na ngazi za ghorofa ya tatu anazipanda bila kusimama njiani. Lakini akifika kliniki, muuguzi anaingiza urefu na uzito kwenye kikokotoo na kumwambia kwamba BMI yake, yaani uwiano wa uzito na urefu, ni 31.4: bado yumo kwenye kundi la wenye unene uliopindukia. Ili aitwe mtu wa uzito wa kawaida inabidi ashuke chini ya kilo 64, apoteze nyingine karibu 17. Nyumbani nako mashangazi wanamsihi aache, amekwisha kukonda, watu wataanza kusema. Mwenyewe kazoea kuona tarakimu ikishuka kila wiki, na wiki isiposhuka anaingiwa na hofu.

Nani asikilizwe? Maoni yangu ni kwamba kikomo cha mtu huyu kipimwe kwa uzito alioanza nao na kwa kazi ambazo mwili wake umeweza kuzifanya upya, wala si kwa mstari uliochorwa kwenye jedwali la watu wote. Kilo zinazotafutwa baada ya kikomo hicho si nyongeza ya bure juu ya mafanikio. Ni shughuli nyingine kabisa, yenye gharama zake, na inadai sababu yake yenyewe. Asiye na sababu hiyo aache kupungua, aanze kujifunza kukaa.

Jedwali la kliniki lina historia, na haikuanzia hospitalini. Hesabu ya kugawanya kilo kwa kipeo cha pili cha urefu ilibuniwa katika miaka ya 1830 na Adolphe Quetelet, mwanahisabati wa Ubelgiji aliyekuwa akimsaka mtu wa wastani katika takwimu za umma. Mgonjwa mmoja mmoja hakuwa shughuli yake. Mmarekani Ancel Keys aliifufua mwaka 1972 na kuipa jina la BMI. Dhana ya uzito bora nayo ilienezwa na kampuni ya bima ya Metropolitan Life ya New York, iliyotoa majedwali yake katika miaka ya 1940, kisha ikayarekebisha mwaka 1959 na 1983. Kampuni ilitazama wateja wake wa bima ya maisha na kuona ni uzito upi kwa kila urefu ulioambatana na vifo vichache zaidi. Wateja hao hawakuwa sura ya dunia, wala hata ya Marekani nzima. Walikuwa wale wenye uwezo wa kukata bima. Wapasuaji walipohitaji kipimo cha mafanikio, waliazima majedwali hayo: kilo zilizozidi uzito bora zikaitwa ziada, na mgonjwa aliyepoteza nusu ya ziada yake akahesabiwa kuwa amefaulu. Tufanye hesabu hiyo kwa mwanamke wetu. Tukichukua kilo 64 kuwa uzito bora, ziada yake ilikuwa kilo 51, na nusu yake ni 25 na nusu. Kwa kipimo hicho cha wapasuaji wenyewe, alikwisha kufaulu alipofika kilo 89 na nusu, wakati BMI yake ikiwa bado 35. Daftari la mpasuaji linampa pongezi na chati ya ukutani inamkemea, ndani ya jengo moja. Siku hizi watafiti wengi wameiacha hesabu ya ziada, wanaeleza matokeo kwa asilimia ya uzito wa kuanzia. Ni hatua nzuri, kwa sababu inamlinganisha mtu na nafsi yake.

Tukiitumia asilimia hiyo, picha inakuwa wazi zaidi. Katika uchunguzi mkubwa wa Sweden unaojulikana kama SOS, ulioandikisha watu 4,047 kati ya mwaka 1987 na 2001, waliofanyiwa upasuaji wa kuunganisha kifuko kidogo cha juu moja kwa moja na utumbo mdogo walipungua kwa wastani wa asilimia 32 katika mwaka mmoja hadi miwili, na baada ya miaka 10 walikuwa wamebaki chini kwa asilimia 25. Huko Utah, Marekani, watafiti waliochapisha mwaka 2017 waliona wagonjwa wa upasuaji huo huo wakiwa chini kwa wastani wa kilo 45 baada ya miaka 2, kilo 36.3 baada ya miaka 6, na kilo 35 baada ya miaka 12. Tazama umbo la safari: mteremko mkali, ukingo wa chini mnamo mwaka wa pili, kupanda kidogo, kisha tambarare ndefu. Nchi ni mbili tofauti na wagonjwa ni tofauti, lakini umbo ni lile lile. Mwanamke wetu aliyepungua asilimia 30 hajakwama wala hajashindwa. Yuko pale ambapo upasuaji wa kupunguza uzito huwafikisha watu. Chati ya ukutani inamtaka afikishe karibu asilimia 45, na huko hufika wachache.

Sababu ya umbo hilo iko ndani ya mwili, na inafaa kuielewa kabla ya kulaumu nidhamu ya mtu. Upasuaji wa kukata mfuko wa chakula huondoa robo tatu ya mfuko au zaidi kidogo, pamoja na sehemu ya juu inayotengeneza kwa wingi homoni ya njaa, ghrelini. Ule wa kuunganisha huacha kifuko cha mililita 30 hivi, na chakula kikifika mapema katika utumbo mdogo huchochea homoni za shibe, mojawapo ikiwa GLP-1. Kwa hiyo mtu hali kidogo kwa sababu tu nafasi ni finyu. Anakula kidogo kwa sababu ubongo umepokea habari nyingine kuhusu njaa na shibe. Mwili unakubali kukaa chini kuliko zamani. Lakini nao una mahali pake papya unapopatetea. Ukishafika hapo, matumizi ya nishati yanapungua, hamu ya chakula inarudi polepole, na kila kilo inayofuata inapatikana kwa kupigana na mwili ule ule ambao kwa miezi 18 ulikuwa ukishirikiana nawe. Mara nyingi, basi, mwili ndio huamua kusimama. Mtu anabaki na uamuzi mmoja: akubali, au aanze vita.

Je, akikubali, anakosa nini? Hapa ndipo ushahidi unapovutia. Katika uchunguzi wa Sweden, vifo vilipungua kwa asilimia 29 kwa waliofanyiwa upasuaji ukilinganisha na wenzao wasiofanyiwa, baada ya kurekebisha tofauti za umri, jinsia na mengineyo. Wengi wa watu hao hawakuwahi kuwa na BMI ya kawaida. Watafiti hao hao walipochunguza mishtuko ya moyo na kiharusi, hawakuona uhusiano wa maana kati ya ukubwa wa uzito uliopungua na matukio hayo. Faida ilikuja na upasuaji, lakini haikuongezeka kilo kwa kilo kama mshahara wa kibarua. Kwa upande wa kisukari, jaribio la Cleveland, Marekani, lililoitwa STAMPEDE lilionyesha kwamba baada ya miaka 5 asilimia 29 ya waliounganishwa utumbo na asilimia 23 ya waliokatwa mfuko walikuwa na kiwango kizuri sana cha sukari, dhidi ya asilimia 5 ya waliotumia dawa peke yake. Na kupungua kwao kwa wastani kulikuwa asilimia 23 na 19 tu. Sukari, hasa baada ya kuunganishwa utumbo, huanza kushuka katika siku za mwanzo, hata kabla mizani haijaonyesha jambo kubwa. Mizani inapima kitu kimoja, na kitu hicho si chenye habari nyingi zaidi.

Sasa tutazame gharama za kilo zinazofuata, maana huzungumzwa kidogo mno. Mtu hapungui mafuta peke yake. Kati ya kilo zinazopotea baada ya upasuaji, sehemu inayofikia robo au zaidi hutoka kwenye misuli na viungo vingine visivyo mafuta, na kadiri mtu anavyoanza kujinyima akiwa na akiba ndogo ya mafuta, ndivyo misuli inavyochangia zaidi. Misuli ndiyo inayomwinua mtu kutoka kwenye kigoda bila kushika ukuta, ndiyo inayomlinda asianguke uzeeni, na ndiyo inayotumia sehemu kubwa ya sukari ya damu. Mifupa nayo hupoteza uimara, na baada ya upasuaji wa kuunganisha utumbo uwezekano wa kuvunjika huongezeka. Kupungua kwa kasi huleta mawe kwenye kifuko cha nyongo, ndiyo sababu madaktari wengi huandika dawa ya kuyazuia kwa miezi 6 ya mwanzo. Halafu kuna madini na vitamini: chuma, kalsiamu, B12, foleti, vitamini D. Upungufu wa B1 unaofuatia kutapika kwa wiki kadhaa unaweza kuharibu ubongo na kumwacha mtu akiyumba, akiona vitu viwili viwili na kusahau. Mgonjwa anayetapika kila siku huku akijisifu kwamba mizani inashuka yuko kwenye hatari, na huyo hapaswi kusubiri siku ya kliniki.

Ancel Keys yule yule aliyeipa BMI jina lake ndiye aliyetuachia pia kielelezo kikali cha kujinyima. Mwaka 1944 na 1945, huko Minnesota, alisimamia jaribio ambamo vijana 36 wenye afya walilishwa chakula pungufu kwa miezi 6 hadi wakapoteza karibu robo ya uzito wao. Walihisi baridi wakati wote, wakanyong'onyea, wakapoteza hamu ya tendo la ndoa, na mawazo yao yakazama kwenye chakula tu. Ni kweli kwamba vijana hao walianza wakiwa wembamba, hawakuwa na akiba ya mafuta, na mtu wa kilo 115 hawezi kulinganishwa nao katika mwaka wake wa kwanza. Lakini yule anayejilazimisha kushuka akiwa amekwisha kufika kwenye tambarare anaanza kufanana nao: anawaza chakula mchana kutwa, anakwepa harusi na misiba kwa kuogopa sinia, anajipima asubuhi, mchana na kabla ya kulala. Wapo wanaotoka kwenye unene na kuingia kwenye ugonjwa wa kula, na kwa kuwa miili yao bado ni mikubwa machoni pa watu, hakuna anayewashuku.

Pingamizi la kwanza ni la watu wenye uzoefu, nalo halipaswi kupuuzwa. Wanasema uzito utarudi, kila mtu anajua. Kwa hiyo mtu ashuke zaidi ya anapotaka, ajiwekee akiba ya kilo 5 au 10, ili zikirudi atue pale alipokusudia. Sehemu ya kwanza ya hoja ni kweli. Katika uchunguzi wa LABS wa Marekani, waliounganishwa utumbo walirudisha kati ya mwaka wa 3 na wa 7 kiasi cha chini kidogo ya asilimia 4 ya uzito wao wa kuanzia. Kwa uzito wa kuanzia wa mwanamke wetu ni kama kilo 4 na nusu. Ni kweli pia kwamba waliopungua sana mwanzoni kwa kawaida hubaki chini kuliko wenzao. Lakini hilo linaonyesha zaidi kwamba miili imeitikia upasuaji kwa viwango tofauti. Halithibitishi kwamba kilo za ziada zilizopatikana kwa kujinyima zitadumu. Aliyeshuka kwa sababu mwili wake ulikubali, na aliyeshuka kwa kuruka mlo wa jioni miezi minne mfululizo, wanaweza kusoma tarakimu moja kwenye mizani, lakini kilichopotea ndani yao si kimoja. Wa pili ametoa misuli, na kilo zikirudi hurudi zaidi kama mafuta. Akiba yake imegeuka deni. Dawa ya kilo 4 na nusu zinazotarajiwa ni kuzihesabu mapema ndani ya lengo: mtu aseme tangu mwanzo kwamba akikaa kati ya kilo 79 na 85 kwa miaka mitano, hiyo ndiyo nafasi yake, na kilo 84 za mwaka wa nne zisimtie aibu.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Linasema: BMI ya 31 ni unene, na unene una madhara hata kama mgonjwa anajisikia vizuri. Utafiti wa mwaka 2016 uliounganisha tafiti 239 na watu zaidi ya milioni 10 ulionyesha kwamba kati ya wasiovuta sigara, vifo vilikuwa vichache zaidi kwenye BMI ya 20 hadi 25. Tena, ripoti ya Sweden ya mwaka 2020 ilionyesha kwamba waliofanyiwa upasuaji waliishi kama miaka 3 zaidi ya wenzao wasiofanyiwa, lakini bado miaka 5 na nusu pungufu ya watu wa kawaida. Kwa nini mtu asiizibe nafasi hiyo kwa kushuka zaidi? Wala haitusaidii kusema kwamba chati iliandikwa kwa ajili ya Wazungu: utafiti wa Uingereza wa mwaka 2021 uliona kwamba hatari ya kisukari anayokuwa nayo Mzungu akiwa na BMI ya 30, mtu mweusi huwa nayo akiwa na 28.1, na mtu wa asili ya Asia Kusini akiwa na 23.9. Kama ni kurekebisha mpaka kwa ajili yetu, basi ungeshushwa.

Jibu langu ni kwamba takwimu hizo zinajibu swali jingine. Mtu aliyekaa na BMI ya 24 maisha yake yote na mtu aliyetoka 45 akabanwa hadi 24 si watu wa aina moja, hata wakivaa gauni la saizi moja. Wa kwanza hakuwahi kupigwa na miaka 20 ya presha na sukari. Wa pili ana moyo na figo vyenye makovu ya safari yake. Sehemu ya ile miaka 5 na nusu bila shaka ni ya makovu hayo, na kukonda zaidi hakuyafuti. Kinachoelekea kuizuia ni kufanya upasuaji mapema kwa anayestahili, jambo ambalo wataalamu wa Marekani na wa kimataifa walilikubali mwaka 2022 waliposhusha vigezo vilivyodumu tangu 1991. Kwa anayeanza na BMI ya 35, asilimia 30 ile ile inamfikisha 24.5, kwenye uzito wa kawaida kabisa, bila vita yoyote.

Lakini kuna mahali ambapo pingamizi hili linashinda, na ni lazima niliachie nafasi. Anayeanza na BMI ya 60 akipungua asilimia 30 atakuwa na 42, na hakuna daktari mwenye akili atakayemwambia amefika. Kwa watu hao upasuaji wa kukata mfuko ulianza kama hatua ya kwanza tu, ili baadaye warudi kwa operesheni ya pili wakiwa salama zaidi. Vilevile mwenye goti linalosubiri kubadilishwa, au figo ya kupandikizwa, huweza kuwekewa na hospitali kiwango cha uzito ambacho asipokifikia hafanyiwi. Aliye na BMI ya 31 lakini sukari bado iko juu na pumzi zinakatika usingizini naye ana sababu ya kuendelea. Ndiyo maana sikusema asilimia peke yake itoshe. Asilimia inaonyesha mahali pa kusimama na kutazama. Hali ya damu, usingizi, viungo na nguvu ndiyo inayoamua kama safari imekwisha.

Kuna jingine ambalo mizani haiwezi kulitenganisha, nalo ni ngozi. Aliyepoteza kilo 35 hubaki na ngozi iliyolegea tumboni, mapajani na chini ya mikono, na ngozi hiyo ina uzito wake. Jedwali linaihesabu kama unene. Wengi hujitazama kwenye kioo, wakashika mkunjo wa tumbo, wakadhani ni mafuta yaliyobaki, wakazidi kujinyima. Hakuna chakula kinachoondoa ngozi. Wapasuaji wa kurekebisha umbo nao hawataki kuigusa hadi mwaka mmoja au zaidi upite tangu upasuaji na uzito uwe umetulia kwa miezi 3 hadi 6. Ndiyo kusema anayeendelea kushuka anajichelewesha kupata kile hasa anachokitafuta kwenye kioo.

Na mashangazi je? Afrika Mashariki ina kumbukumbu yake kuhusu kukonda. Miaka ya 1980 nchini Uganda UKIMWI uliitwa "slim", na huku kwetu mtu aliyepungua ghafla alinong'onwa kabla hajafika mwisho wa mtaa. Kumbukumbu hiyo haijaisha. Aliyefanyiwa upasuaji na hakutaka kutangaza hujikuta akiulizwa anaumwa nini, na wapo wanaorudi kwenye soda na chipsi ili tu mashavu yajae watu wanyamaze. Upande wa pili ni mitandao ya kijamii, ambako picha za kabla na baada husifiwa kadiri tofauti inavyokuwa kubwa. Pande zote mbili zinahukumu kwa macho. Nampa shangazi alama moja zaidi kwa jambo moja tu: akisema uso umesinyaa, nguvu zimekwisha na mtoto hali chakula cha maana, ametaja mambo yanayoweza kupimwa. Basi yapimwe.

Kusimama kwenyewe ni kazi, wala hakumaanishi kurudi kwenye sahani ya zamani. Mtu huongeza chakula kidogo kidogo kwa wiki kadhaa na kujipima mara moja kwa wiki, saa ile ile, kwa kuwa maji peke yake huweza kuchezesha mizani kilo moja au mbili kwa siku. Akiona miezi mitatu imepita ndani ya kilo chache juu au chini, ametulia. Kinachoongezwa kina mpangilio wake: protini kwanza. Kiwango cha chini kinachopendekezwa ni kama gramu 60 kwa siku, na yai moja lina gramu 6 tu, glasi ya maziwa 8. Kwa kifuko kidogo hiyo ni kazi ya kutwa nzima. Dagaa, samaki, maharage, kuku na mtindi viliwe kabla ya ugali, kwa sababu tonge mbili tatu za ugali zikitangulia, nafasi imekwisha. Uji wenye sukari na juisi ni mtego, vinateleza bila kushibisha, na ndivyo mara nyingi vinavyorudisha kilo za mwaka wa tatu. Chai, ambayo kwetu hufuatana na kila kitu, huzuia madini ya chuma yasifyonzwe. Vidonge vya chuma vimezwe mbali nayo, na mbali na vya kalsiamu kwa saa 2 hivi. Vidonge hivyo havikomi pale kupungua kunapokoma. Ni vya maisha. Mwanamke anayetaka mimba naye hushauriwa asubiri miezi 12 hadi 18 tangu upasuaji, na hapo kutulia kwa uzito si suala la umbo tena, ni lishe ya mtoto.

Uamuzi huu ungekuwa mwepesi kama ungeandikwa mapema, kabla ya kisu, kwenye faili la mgonjwa: uzito unaotarajiwa ni kati ya hapa na hapa, na vipimo tutakavyovitazama ni hivi. Baada ya mwaka wa kushangiliwa, mtu hana utulivu wa kujiwekea mpaka. Tatizo la kwetu ni kwamba wengi hawana wa kuwaandikia. Huduma ipo, katika hospitali kadhaa za Nairobi, na Hospitali ya Mloganzila nje kidogo ya Dar es Salaam imekuwa ikiweka puto la tumboni, ambalo lenyewe hukaa kwa miezi tu kisha hutolewa, na njaa yake hurudi. Lakini wako wengi wanaosafiri kwenda India, wanakaa siku chache, na kurudi na karatasi ya maelekezo. Mtaalamu wa lishe wa kuwafuatilia mwaka wa pili hawana. Sindano mpya za kupunguza uzito zimelifanya jambo kuwa gumu zaidi: semaglutidi na nyingine huweza kuandikiwa mtu aliyefika kwenye tambarare baada ya upasuaji, na kumshusha tena. Kwa mwenye kilo zilizorudi pamoja na kisukari ni msaada wa kweli. Kwa mwanamke wetu wa kilo 80 na nusu, mwenye sukari nzuri, swali linabaki lile lile la gharama na sababu, ila sasa mwili wake hauna tena uwezo wa kusema hapana.

Upande mmoja wa jambo hili hausubiri mjadala. Anayeanza kupungua tena katika mwaka wa tatu au wa nne, bila sindano na bila kukusudia, asisifiwe kwamba upasuaji unaendelea kufanya kazi. Haufanyi hivyo. Huenda njia ya chakula imebana, au kuna kidonda pale utumbo ulipounganishwa, mara nyingi kwa sababu ya diklofenaki na vidonge vingine vya maumivu ambavyo duka la dawa la mtaani humwuzia yeyote bila kuuliza, na ambavyo aliyeunganishwa utumbo hapaswi kuvimeza. Na kwa kuwa tuko tulipo, makohozi yapimwe kifua kikuu na damu ipimwe VVU, kama ambavyo angefanyiwa mtu mwingine yeyote aliyekonda bila sababu.